Kamba Uliyoikata Mbele ya Wazee

Kasereka mwanangu,

Kuna swali nililolibeba tangu nilipokuwa mwanafunzi, na ambalo, kwa aibu ya mtu aliyesomeshwa, sijalijibu hadi leo: utajuaje kwamba kamba itakushika, pasipo kuivuta mpaka ikatike? Katika kitivo cha kilimo tulikuwa na mashine ya kuvutia vipande vya mbao na nyuzi za mkonge. Mwalimu alifunga kipande, akazungusha gurudumu, nasi tukasubiri mpaka kilie. Kilipokatika, aliandika nguvu yake ubaoni. Siku moja niliinua mkono nikauliza: "Basi hiki tulichokipima hakifai tena kazi, na kile tutakachokifanyia kazi hatujakipima?" Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema kwamba kipande kilichokatika hutoa ushahidi kwa niaba ya ndugu zake. Jibu hilo lilinitosha kwa miaka mingi, mpaka mjomba wako Kakule alipoanguka.

Kesho utapanda lori kwenda Beni, kisha Mabalako, ambako kituo cha afya kimekuita uondoe ile miti mikubwa iliyoinamia paa la wodi ya wazazi. Baada ya hapo utakaa Beu, mtaa wa Beni, na kuongoza kikosi chako mwenyewe cha wakata miti. Uliniomba nisikuandikie orodha ya maagizo, nami nakutii. Habari za chandarua, za joto la Beni, za namna ya kusimama mbele ya askari kwenye barrière, kile kizuizi cha barabarani, unazijua kuliko mimi. Ninaandika kwa sababu nyingine. Chini ya kitanda changu kuna kamba usiyoijua. Niliiagiza kwa ajili yako, imefika, na kabla hujaondoka lazima niamue kama nitaitia katika mfuko wako au nitaiacha hapa. Ili uelewe kwa nini jambo dogo hivi linanisumbua, sina budi kukuambia mambo ambayo, kumbe, unayajua tayari. Lakini hujayasikia kutoka kinywani mwangu.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka minane, na haikupita muda mrefu mshahara wangu wa bureau ya kilimo nao ukakoma. Nilikuwa na diploma, na nilikuwa na kaka mdogo asiyeogopa kimo. Watu wa hapa Butembo walikuwa wamepanda mikaratusi viwanjani mwao kama mtu apandavyo ua, kisha wakajenga nyumba za mabati chini yake, na kila msimu wa mvua matawi yalishuka juu ya mabati. Mti uliosimama juu ya nyumba haukatwi shinani. Lazima mtu apande, aupunguze kuanzia kileleni, na kila kipande kishushwe taratibu kama mgonjwa anayetolewa kitandani. Mimi nilijua mti unaoza wapi na unaelemea upande gani. Kakule alijua kupanda. Hivyo ndivyo tulivyoanza: yeye juu, mimi chini nikitazama, nikisema kata, ngoja, shuka, panda. Zingatia neno hilo la mwisho.

Kamba zetu za kwanza zilikuwa za mkonge. Zilinukia vizuri, zikaoza haraka katika ukungu wetu huu. Kisha tukatumia zile za nailoni za kufungia maturubai ya malori, ambazo fundo likiteleza juu yake huyeyuka na kuunguza kiganja. Vita vilipokuja, hata hizo zikaadimika. Madereva walizificha, kwa kuwa kila mwenye bunduki alihitaji kamba ya kufungia mizigo, na si mizigo tu. Ndipo nikasikia kwamba katika soko la Beni kuna mama anayeuza kamba iliyotoka mlimani.

Zamani wageni walikuwa wakija kupanda Ruwenzori. Vita vilipowazuia, vifaa vyao vilishuka mlimani mikononi mwa watu wengine, na sikuuliza ni mikono gani. Hilo nalo ni moja ya makosa yangu, ingawa si kubwa kuliko yote. Muuzaji aliitwa Mama Kanyere. Aliitandaza ile kamba juu ya meza yake, katikati ya sabuni na chumvi: ya buluu, yenye uzi mwekundu uliojizungusha kama nyoka mdogo.

"Hii njo kamba ya bazungu ba kule kwa barafu," aliniambia. "Mutu akianguka nayo, hapana kufa. Inamurudisha juu."

"Ulimwona mtu akirudishwa?"

"Mama, mi nauzisha kamba. Hapana mahubiri."

Nikainunua. Njiani kurudi Butembo nilijua askari wangeichukua, kwa hiyo niliizungusha kiunoni chini ya kikwembe, kitenge changu, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka nikawa kama mwanamke mwenye mimba kubwa. Kwenye barrière askari mmoja aliniashiria nishuke.

"Mama, hii tumbo ni ya mwezi ngapi?"

"Wa saba."

Alitazama mvi zangu za kwanza, akatazama tumbo, akashindwa kupatanisha. Mwenzake, aliyekuwa akitafuna muhindi wa kuchoma, akamwambia: "Muache, mukubwa. Kwa miaka ile, hapana bwana yake njo alifanya. Ni Mungu mwenyewe." Wakacheka, nami nikapanda tena lori. Sikucheka mpaka nilipofika nyumbani, na nilipocheka, nililia pia.

Nimeitafakari safari ile mara nyingi, na nadhani kosa langu lilianzia pale, si baadaye. Kitu tulichokipata kwa hatari hutuwia vigumu kukihoji. Ile kamba sikuinunua tu. Niliibeba tumboni kama nilivyokubeba wewe. Mtu angewezaje kuniambia kwamba ina kasoro? Angekuwa ananitukana.

Kakule alianza kulalamika siku ya kwanza, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya, hii kamba inacheza. Nikikaa, inanishusha. Nikikata tawi, inanirusha. Niko kule juu kama kaptula iliyoanikwa."

Nilimwelimisha. Nilichora hata mchoro kwenye udongo. Nilimweleza kwamba kamba inayonyumbuka humeza kishindo, kwamba ile isiyonyumbuka humvunja mgongo yule anayeanguka. Yote niliyosema yalikuwa kweli, na yote hayakumhusu. Mpanda mlima hutembea kwa miguu na mikono yake, na kamba humngoja aanguke. Mkata miti hukaa ndani ya kamba kutwa nzima, msumeno mkononi, naye anahitaji kiti kisichomtikisa. Kweli yangu ilikuwa ya mlimani. Ndugu yangu alikuwa juu ya mti. Alinyamaza kwa sababu mimi ni dada yake mkubwa, na kwa sababu nilikuwa nimesoma. Nilichukua kimya chake kuwa ni kukubali. Watu waliosoma tuna ugonjwa huo.

Sasa nifike penyewe. Unakumbuka kile chumba kidogo cha nyuma, chenye kufuli mbili. Humo niliiweka kamba kila jioni. Nilikuwa nimeorodhesha maadui wa kamba: maji, jua, panya, mwizi, askari. Chumba kile kilikuwa kikavu, cha giza, na hakuna aliyejua kilichomo. Ndiyo maana jirani yetu mwenye phonie, ile redio iliyokuwa njia yetu pekee ya kusema na watu wa Beni au wa ng'ambo ya mpaka, aliniomba nimhifadhie humo betri zake za gari, asije akaporwa. Nilikubali kwa moyo mweupe. Nilizipanga ukutani, na kamba nikaiweka juu ya gunia, kando yake. Niliwazuia maadui wote niliowajua, na adui nisiyemfikiria nikamfungulia mlango mwenyewe na kumwekea kufuli mbili za kumlinda.

Baada ya wiki kadhaa Kakule aligundua alama kwenye kamba, ya rangi ya chai, si ndefu kuliko kiganja. Tulikuwa katika kiwanja cha watu, mwenye nyumba amesimama, mti unangoja.

"Yaya, gusa hapa. Imekauka kama mukia ya panya."

Niligusa. Nilikumbuka kikwembe, askari, safari. Nikasema: "Ni utomvu tu, Kakule. C'est la sève. Panda."

Akapanda.

Sitakueleza sauti. Alianguka kutoka urefu wa nyumba mbili zilizobebana, akavunjika nyonga, na mguu ule umekuwa mfupi hadi leo. Jioni, nilipotoka kumwona hospitalini, niliichukua ile kamba na kuikunja mahali ilipokatika. Nyuzi zilipukutika vidoleni mwangu kama majani ya chai. Nilikwenda katika chumba cha nyuma na taa. Betri moja ilikuwa na ufa mwembamba, na lile gunia la kamba lililokuwa kando yake lilikuwa limeliwa. Nilielewa yote kwa dakika moja, kwa kuwa asidi na nailoni ni somo nililolifaulu.

Watu walipokuja kumpa pole na kumwuliza ilikuwaje, Kakule aliwahi kujibu kabla sijafungua kinywa. "Mukono iliteleza," alisema. Akarudia hivyo kwa mchungaji, kwa mwenye kiwanja, kwa mke wake. Nami nikawa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, nikiitikia kwa kichwa. Mwanzoni nilijiambia kwamba nanyamaza kwa ajili ya kikosi, maana nani angetuita tena? Kisha nilijiambia kwamba nanyamaza kwa kumheshimu yeye aliyechagua kusema vile. Ukweli ni kwamba uongo ule ulinifaa, na jambo linalotufaa huwa na sababu nyingi nzuri. Niliwahi kumwambia, mwaka uliofuata, kwamba nataka kusimama kanisani na kusema. Alikuwa akinoa msumeno. Hakuinua macho.

"Yaya, acha. Mukono ni yangu. Naisingizia mi mwenyewe."

Nikaacha. Huo ndio unafuu nisioustahili, na nimeutumia miaka yote hii.

Ulipoanza kupanda wewe, nilibadilika kuwa mtu wa tahadhari kupita kiasi. Unakumbuka jinsi nilivyokuwa nikikagua mkanda wako mara tatu, na jinsi ulivyonivumilia. Lakini tahadhari si unyenyekevu. Bado mimi ndiye niliyechagua kamba, na bado mimi ndiye niliyesema panda.

Mpaka siku ile ya uwanja wa kanisa. Naieleza hapa kama nilivyoiona mimi, maana naamini hujui nilichokiona.

Mkaratusi wa nyuma ya kanisa ulikuwa umepasuka kwa upepo na kulalia upande wa paa, na Jumapili iliyofuata wageni wa parokia nyingine walikuwa waje. Wazee walikuwa wamekusanyika. Nilileta kamba mpya, nyeupe, nene, iliyofungwa bado katika plastiki yake, na ninakiri kwamba niliifungua mbele yao kwa madaha kidogo. Ulikaa juu ya jiwe, ukaanza kuipitisha vidoleni, urefu wote, macho yamefumbwa. Uliikunja kila sehemu uone kama kitanzi kinabaki mviringo. Wazee walichoka. Mmoja alisema unasali rozari ya Kikatoliki katika uwanja wa Waprotestanti. Ulifika karibu na katikati, ukasimama, ukarudi nyuma, ukapita tena, ukasimama palepale.

"Mama, hapana. Mi hapana panda na hii."

"Ina nini?"

"Sijue. Hapa kiini iko tofauti. Ni kama iko nanyamaza."

Niligusa. Sikusikia chochote. Na hapo, Kasereka, lile neno, panda, lilinijia kinywani, lote, na herufi zake zote. Mzee wa kanisa alinisaidia kulizuia bila kujua, kwa sababu alitangulia kusema.

"We mutoto, mama yako ni ingénieur. Ye njo anajua kamba."

"Mama anajua kamba, muzee," ukasema, kwa adabu, bila kupandisha sauti. "Mais mi njo nitakaa ndani yake."

Mtu mmoja nyuma alisema kwamba woga nao siku hizi umepata diploma. Wakacheka. Wewe ulichukua panga, ukaiweka kamba juu ya jiwe, ukaikata palepale ulipopashuku, mbele ya wote, ili tuone kilichomo.

Hapakuwa na kitu. Kiini kilikuwa kizima, cheupe kama unga wa muhogo, nyuzi zimelala pamoja kama zilivyotoka kiwandani. Nilizichambua moja moja, magoti chini, nikitafuta kasoro ambayo ingekuokoa na kicheko chao. Sikuipata. Ulikuwa umeiharibu kamba nzima na njema, umemwaibisha mama yako, na mti bado ulikuwa umelalia paa. Ulitazama zile ncha mbili zilizokatwa, ukasema tu, "Donc ilikuwa nzuri," kama mtu anayesoma kipimo, ukaenda kutafuta ngazi na ile kamba yetu ya zamani. Siku mbili ulifanya kazi ya nusu siku, ukishuka kila mara, ukiusogeza ule mti kwa subira mpaka ukalala chini bila kugusa hata bati moja.

Kakule alikuwa amekaa kwenye ngazi za kanisa na fimbo yake. Tulipokuwa tukirudi nyumbani, alisema, "Leo kamba imekatika, mutu hapana."

Nataka ujue kwamba siku ile niliona fahari ambayo sikuiona hata ulipopata cheti chako cha shule. Kama ungeikata ukakuta imeoza, wote tungekusifu, na sifa hiyo ingekuwa rahisi, kwa sababu kila mtu humsifu aliyepatia. Wewe ulikosea, kama kukosea ndiyo neno lake, na hukutetereka. Hukusema kwamba pengine kasoro ilikuwa pembeni kidogo. Hukunilaumu. Hukuapa kwamba hutarudia. Ulikuwa na shaka, ukaitii shaka yako mbele ya watu, kisha ukaukubali ushahidi uliokupinga. Mimi nilikuwa na shaka ya ndugu yangu mkononi mwangu, imekauka kama mkia wa panya, nikaipa jina la Kifaransa na kuipandisha juu ya mti. Elimu yangu yote ilikuwa upande wangu. Yako ilikuwa vidole vyako.

Hata hivyo siwezi kukudanganya kwamba nina hakika. Kuna saa ninazojiuliza kama ninakusifu kwa haki au ninajitibu. Mtu anayekata kila kamba anayoishuku atabaki bila kamba, na nchi hii haina kamba za kukata ovyo. Miti ya Mabalako haitangoja. Kuna siku utalazimika kukaa ndani ya kamba ambayo vidole vyako vinainung'unikia, kwa kuwa chini kuna mwanamke mwenye uchungu na juu kuna tawi lililopasuka. Sijui utapima vipi siku hiyo. Sijui hata kama kuna kipimo.

Baada ya mambo ya kanisa ulisema sasa utachagua mwenyewe. Ulikwenda Beni kwa yule yule Mama Kanyere, ukarudi na kamba iliyonisikitisha kwa macho: ya rangi ya mchanga, si nene, haina urembo wowote. Nilikuona ukiitundika kwenye boriti ya nyumba na magunia mawili ya maharage, ukaiacha kutwa, ukapima kwa utepe wangu wa kushonea imenyumbuka kiasi gani. Kidogo sana. Nilifurahi kimya. Kisha nikakuona ukichomoa uzi kwenye ncha yake, na uzi mwingine kwenye mabaki ya kamba ya turubai, ukaziweka katika vikombe viwili vya bati, ukaomba kwa mwenye phonie matone ya maji ya betri. Siku ya tatu uzi wa turubai ulikatika kwa kuguswa. Wa kwako ulikuwa mzima.

Nilisimama mlangoni.

"Nani alikufundisha habari ya acide?"

"Mujomba."

"Lini?"

"Siku ya kwanza ya kupanda. Alinionyesha kipande ya ile kamba ya buluu. Aliichunga mu nyumba yake." Kisha ukaninyoshea utepe. "Mama, shika hii mwisho. Nataka nipime tena urefu."

Nikashika. Ukapima. Ulihesabu kwa sauti, ukaandika, ukaendelea na kazi zako. Miaka yote ile, basi, ulikuwa ukipanda ukijua kwamba neno la mama yako liliwahi kumwangusha mtu, na bado ulinikabidhi mwisho wa kamba uliobaki chini. Sijui kama ulifanya hivyo kwa kunisamehe, au kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kuushika. Sikukuuliza, na sitakuuliza katika barua. Lakini ndiyo sababu naandika: siku ile nilipaswa kusema, nikashika utepe. Basi nasema sasa. Mkono wa mjomba wako haukuteleza. Kamba ilioza kwa uzembe wangu, naye alinionya, nami nikamwambia apande.

Sasa ile kamba ya chini ya kitanda. Niliiagiza Kampala kwa mfanyabiashara anayepitia Kasindi mpakani, kabla sijaiona yako ikitundikwa. Imetengenezwa kwa ajili ya wakata miti hasa. Ina karatasi yake yenye nguvu iliyopimwa, na kwa karatasi inaishinda yako kwa kila kitu. Nimeipitisha vidoleni kama ulivyofanya wewe, macho yamefumbwa, mara nne. Sikupata kasoro. Lakini hata kwenye ile ya buluu nilisema hakuna kasoro.

Kuitia mfukoni ni rahisi. Najua pia kitakachotokea. Kamba niliyokuletea kanisani uliweza kuikataa, kwa kuwa ilikuwa kamba ya kazi. Hii ingekuwa zawadi ya kuagana kutoka kwa mama, na kwetu zawadi ya namna hiyo haikataliwi, wala haikatwi kwa panga kuona kiini chake. Ungeipanda kwa sababu ni mimi. Leo mchana, ulipokuwa umekwenda kuwaaga vijana wa kikosi, nilimwita Kakule nikaitoa, nikamwuliza angefanyaje.

Aliizungusha mkononi kwa muda mrefu. "Ni nzuri," alisema.

"Ungeipanda?"

"Ukinipa, ningepanda. Njo shida yako, Yaya. Ukitupa, sisi bote tunapanda."

Kisha akacheka, kwa sababu yeye hucheka, akaniomba chai.

Nimeamua. Kamba itabaki hapa, na katika mfuko wako naweka barua hii peke yake. Utaisoma Beu, ukiwa mbali na macho yangu, na huko utakuwa huru kuliko hapa mezani. Ukiitaka, sema na mwenye phonie. Nitaifunga katika gunia na kuikabidhi lori la kwanza, na ikifika uikague kama kamba ya mtu usiyemjua. Usipoitaka, sitauliza sababu.

Ninapokuona ukipanga vitu vyako, mtu mzima mwenye mabega ya baba yake na ukimya wa mjomba wake, sina mashaka juu yako hata kidogo. Mashaka yangu ni juu ya uamuzi wenyewe. Nimeuita heshima: namwachia mwanangu achague. Lakini ningeweza pia kuuita woga, maana kamba niliyoichagua mimi ikikatika, nitakuwa nimeua. Uliyoichagua wewe ikikatika, nitakuwa nimefiwa tu. Labda kwa ajili ya tofauti hiyo ndogo na mbaya nimeiacha kamba bora chini ya kitanda. Nimejaribu kulipima jambo hili kwa haki nikashindwa, kwa kuwa anayeshitakiwa ni mimi, shahidi ni mimi, na hakimu anayetamani kulala ni mimi. Ushahidi mmoja tu, wa kamba yako kukatika, ungeweza kuonyesha kama nilifanya vema au vibaya. Huo naomba usipatikane kamwe, na mradi haupatikani, sitajua.

Mama yako